Povu Lililofika kwa Shangazi

Kiwanja cha Kuoshea Magari,
Nyuma ya Gereji,
S.L.P. 617.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia Jumanne, nikaisoma palepale nimesimama, mikono imelowa, mpaka ukurasa wa pili ukapata alama za vidole vyangu vyote kumi. Nimefurahi kusikia kwamba mgongo umeacha kukusumbua, na kwamba wifi amepata kazi isiyompandisha mabasi matatu. Huyo mtoto wenu wa mwisho anayeota meno, msugulieni ufizi kwa kidole safi na mumwache alie. Wewe ulilia miezi miwili, Shangazi anakumbuka mpaka leo.

Sisi huku wazima. Shemeji yako ana mafua yake yale ya kila mwaka, ambayo yeye huyaita homa kali ili apikiwe uji kitandani. Wapwa zako wanakula utadhani kesho chakula kinapigwa marufuku. Mimi nimekonda kidogo, lakini usishtuke, ni kukonda kwa kazi na si kwa ugonjwa.

Umeniuliza swali moja kubwa: Shangazi anasafiri lini, na je, amekwisha kufungasha? Nitakujibu. Ila nakujua wewe. Ukishika barua ndefu unaruka kurasa uende kusoma mwisho. Usiruke! Kaa kitako, soma mstari kwa mstari. Sikupiga simu kwa makusudi, maana kwenye simu huwa unanikatiza kabla sijameza mate, na jambo hili nataka nilimalize.

Unakumbuka tulivyokubaliana sote, wewe, mimi na shangazi mdogo. Tulisema Shangazi amechoka, magoti yamekwisha, kitalu chake cha miche kimekauka nusu. Basi akifunge mwisho wa mwezi huu wa sita aende akapumzike kwa mdogo wake. Tulimwonea huruma kweli. Mimi ndiye niliyetamka kwa kinywa changu kwamba uzee ni uzee, tutafanyaje. Kaka, mdomo huu! Si uzee uliokuwa unamfukuza Shangazi pale. Ni mimi.

Acha nieleze vizuri. Ulipoondoka uliniachia ndoo mbili, matambara ya fulana kuukuu na uwanja wa vumbi. Leo uwanja una sakafu ya saruji, na Jumamosi naosha magari hata ishirini na tano. Mashine uliyonitumia ndiyo iliyoniinua, hasa ile bunduki yake ya kumwagia povu. Nikiifyatua, gari linafunikwa jeupe pe, huwezi kujua kama ni teksi au ni jokofu lenye magurudumu. Watu wakaniita Dada Povu. Wateja wanaamini povu likiwa jingi ndipo uchafu umetoka, nami nikaamini hivyohivyo, maana sifa ni tamu.

Na tena nilikuwa na sifa ya pili: usafi wa kiwanja. Gari likitoka tu, nachukua ufagio wangu wa mpira, nasukuma maji yote, tope lote, povu lote, mpaka kwenye tundu la mtaro pale mbele lenye wavu wa chuma. Swaa! Sakafu inabaki kavu. Nilikuwa nikiwasema wenzangu wanaoacha madimbwi. Moyoni nilijiambia kwamba ukiona wavu wa chuma, hiyo ni kazi ya wakubwa. Maji yakiingia humo yanakwenda yanakokwenda maji ya vyoo, huko kwenye mitambo ya kuyasafisha. Hakuna aliyeniambia hivyo, kaka. Nilijiambia mwenyewe na nikajiamini.

Mwezi wa tatu ukaitishwa mkutano wa mtaa. Kijito cha bondeni kilikuwa kinatoa povu, kambare wadogo wanaelea tumbo juu, na watu wa chini walikuwa wamechoka. Unanijua. Nilisimama wa kwanza, hata mwenyekiti hajamaliza kukohoa. Nikamnyooshea kidole Fundi Spana, yule mwenye gereji hapo mbele yetu, nikasema kila mtu anajua ni nani mwenye oili mtaani hapa, mnatafuta nini tena?

Fundi Spana akanijibu taratibu, "Dada, oili haitoi povu."

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Hasira zikanipanda kichwani, nikaapa mbele ya mkutano mzima: siku maji yangu yatakapoonekana kijitoni, nitaliosha lile gari lake kubwa la kuvutia magari mabovu, kwa mikono yangu, mwezi mzima. Na gari lenyewe unalijua, lina grisi tangu enzi za baba. Shangazi alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa. Aliangalia vidole vyake tu. Nikadhani ameona haya kwa ajili ya ukali wangu.

Kwenye mkutano alikuwapo fundi bomba mmoja, mpole, mtu wa maneno ya kuhesabu. Yeye akasema haya mambo hayabishaniwi, yanapimwa. Wiki ya pili ya mwezi wa nne, Jumatano asubuhi, akaja na kopo la unga wa rangi ya kijani, ule wanaotafutia mabomba yanayovuja, hauna madhara. Nililazimisha aanze na gereji. Tukamwaga, tukateremka bondeni, tukangoja saa nzima. Hakikutoka kitu. Kumbe Fundi Spana ana shimo lake la kunasa oili mwaka wa nne sasa, na oili chafu anaiweka kwenye mapipa, inachukuliwa. Nyani haoni kundule!

Kisha ikaja zamu yangu. Fundi bomba akamimina unga kwenye ule wavu wangu wa chuma, akafuatisha ndoo mbili za maji. Nikateremka nimetangulia mbele, shingo juu, watu nyuma yangu. Tukapita daraja dogo, tukafika pale kijito kinapopinda, ambapo kuna mdomo wa bomba umefichwa na matete. Sikuwahi kuuona mdomo ule maishani mwangu. Zilipita dakika kumi na mbili, nilihesabu kwa saa ya mkononi. Maji yakaja ya kijani kibichi, na juu yake povu langu, jeupe, lile lile ninalolijua kama uso wa mwanangu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimgeukia Fundi Spana nikingoja anicheke, hakucheka. Hilo liliniuma kuliko kicheko. Fundi bomba ndiye aliyenieleza, kwa sauti ya chini, kwamba ile ni mitaro ya mvua. Maji ya vyoo yana njia yake na yanasafishwa. Maji ya mtaro wa barabarani hayapiti popote, yanashuka moja kwa moja kijitoni kama yalivyo, na sabuni yake, na oili yake, na vumbi la breki.

Sasa kaka, kutoka pale kwenye mdomo wa bomba, hesabu hatua ishirini kushuka. Unafika wapi? Kwenye kitalu cha Shangazi.

Nikatazama yale mawe yake ya kukanyagia akichota maji. Yalikuwa yameota ukoka. Ndoo hazikuwapo. Matuta yote ya chini, yale tuliyokuwa tukikatazwa kuyaruka tukiwa wadogo, yalikuwa matupu, yamebaki matuta machache tu kule juu karibu na nyumba. Nikauliza watu wa bondeni, wakanitazama kama mtu aliyelewa. Wakasema, kwani hujui? Shangazi yako anachota maji bomba la shule, kule mlimani, mwaka wa pili huu. Miche ya nyanya ilikuwa inaungua majani, kabichi zinanyauka zikiwa na majani mawili, akajua ni maji. Akaacha kijito, akawa anapanda na kushuka na ndoo. Kile alichoweza kubeba ndicho alichoweza kuotesha. Yale magoti tuliyoyasikitikia, kaka, yaliisha kwa ndoo.

Nilimkuta anapepeta mbegu barazani. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia, miaka miwili, na tunaonana kila siku. Hakuinua hata kichwa. "Nikwambie nini? Ile ndiyo riziki yako na watoto wako. Mimi nimeshakula zangu."

Nililia, sikufichi. Nililia kama mtoto aliyepotea sokoni. Huyu ndiye aliyetulea mimi na wewe, kwa miche ya kijito kile kile, sare za shule kwa miche, viatu kwa miche, na wewe safari yako ya kwanza kwa miche. Nikaapa tena, maana sijui kuacha kuapa, kwamba nitalitengeneza, abaki, asiende. Akanipangusa uso na ncha ya kanga yake. Akasema, "Miche hainywi ahadi, mwanangu. Mwisho wa mwezi wa sita naondoka. Futa machozi, una magari yanakungoja."

Basi nikarudi kiwanjani, na kuanzia siku hiyo sikuwa na hesabu nyingine kichwani ila tarehe ile. Kitu cha kwanza niliuzungushia ule wavu tuta la saruji, tone lisiingie. Cha pili nikaitundika ile bunduki ya povu stoo. Usikasirike. Mashine yenyewe bado inafanya kazi zake ndogondogo, ila nyingine ya pili uliyosema utatuma, usitume. Sihitaji nguvu zaidi, nahitaji maji machache zaidi.

Cha tatu nikachimba shimo la kunyonya maji, na hapo ndipo ukaidi wangu uliponiponza. Fundi bomba aliniambia: kabla ya kuchimba, toboa kishimo kidogo, kijaze maji, ukae uone yanazama kwa muda gani. Nikamwambia sina muda wa kukaa kutazama maji. Nikachimba nyuma ya stoo kwa sababu jembe liliingia kirahisi. Kumbe ardhi ile ni laini kwa kuwa ni udongo wa mfinyanzi, umeshiba maji, haupokei tena. Kwa wiki mbili nilijipongeza. Jumamosi ya tatu nikaosha magari ishirini na sita, saa nane mchana shimo likajaa, likapanda, likafurika. Maji yakatambaa uwanja mzima, yakaruka tuta langu la saruji na kuingia mtaroni kama wageni waliochelewa.

Niko magotini nayazuia kwa magunia, nainua macho, namwona Shangazi anapita na ndoo yake kutoka bomba la shule. Aliona yote. Akanisalimia, nikamwamkia, akapita zake. Siku hiyo sikula.

Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Jumatatu yake ndiyo nilianza kulipa kiapo cha lile gari la Fundi Spana. Alilileta mwenyewe, akakaa juu ya tairi kutazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa kejeli. Badala yake akaniambia oili ni mvivu, haizami, inaelea tu. Hivyo jenga shimo la vyumba viwili, kati weka ukuta, na bomba lenye kiwiko linalochota maji kutoka chini. Maji yatapita, oili itabaki juu imekutolea macho. Nikamwomba radhi, kwanza pale, kisha kwenye mkutano uliofuata, mbele ya walewale waliocheka. Akasema radhi ameipokea lakini gari nimalizie mwezi.

Fundi bomba naye akanitafutia mahali, safari hii kwa vishimo vyake vya majaribio. Unajua tulipata wapi? Upande wa juu, chini ya ile chungu ya vyuma chakavu uliyoniachia ukisema utaiuza. Pale ni mchanga mtupu. Tulimimina ndoo, hatukumaliza hata kusalimiana, maji yamekwisha zama. Vyuma vyako vimekwenda, usiniulize, ulikuwa na miaka tisa ya kuviuza.

Sasa hivi ukija utaona kiwanja kingine. Magari yanasimama juu ya kokoto, si juu ya saruji. Kwanza naondoa tope kwa brashi likiwa kavu, nalizoa kwa koleo. Halafu ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia sponji. Mpira wa maji una kichwa cha kubana; ukiachia mkono unakata. Maji machafu yanashuka chumba cha kwanza, tope linakaa chini, oili inaelea juu na mimi naifyonza kwa matambara, yanakwenda kwenye pipa la gereji. Yaliyobaki yanapita chini ya ukuta, yanaingia mchangani, na juu ya mchanga nimepanda majani ambayo sijawahi kuyaona yakinenepa vile. Injini zenye grisi siku hizi haziguswi hapa, nazipeleka kwa Fundi Spana.

Sabuni nayo ina kisa chake. Mwenye duka alinifuata mbio na chupa yenye picha ya jani, akasema hii hata samaki wanaipenda. Nikafurahi, nikataka kurudisha povu kidogo. Fundi bomba akasoma maandishi ya nyuma, akasema hii ni nzuri, inaoza, lakini inaozea udongoni, haiozei ndani ya samaki. Sabuni ni sabuni, alisema, hata ikichorwa msitu mzima. Nainunua ile, natia kifuniko kimoja kwa ndoo, na haiendi kijitoni.

Wateja walinuna, nisikudanganye. Dereva mmoja wa teksi, mteja wangu wa tangu ndoo mbili, alisimama mbele ya gari lake akasema, "Sasa Dada Povu bila povu, si unabaki Dada tu?" Nikampa kitambaa cheupe, nikamwambia apitishe popote anapotaka, juu, chini, nyuma ya kioo, na akipata doa nimwoshee tena bure. Akapangusa gari zima kama anatafuta pete iliyopotea. Hakupata kitu. Sasa kila akija anaomba kitambaa kabla hata hajashuka. Waliokwenda ng'ambo ya barabara wakafuate povu, na waende. Wanne wamesharudi, na mmoja alirudi amenuna, lakini nimemwoshea hivyohivyo.

Siku hizi hata mtaani sina simile. Nikiona mtu anaoshea gari barabarani, maji yanatiririka mtaroni, nafunga breki. Namwambia lipeleke kwenye majani, mwenzangu, na maji ya ndoo yako ukayamwage chooni kwako, usimwage hapo. Shemeji yako ananiita mchungaji wa mitaro. Watoto wananikimbia nikiwa njiani nao. Sijali.

Mwisho wa mwezi wa tano fundi bomba akarudi na kopo lake la kijani, akamimina kwenye shimo jipya. Kwa siku tatu nilikuwa nateremka asubuhi na jioni kuchungulia mdomo wa bomba kwenye matete. Pakavu. Siku ya nne ikanyesha mvua kubwa, nikasema leo ndiyo leo. Bomba likatoa maji ya mvua tu, ya rangi ya vumbi, bila povu, bila kijani. Nilipiga kigelegele peke yangu pale kwenye matete, mtu akapita akaongeza mwendo.

Ila Shangazi hakusema kitu. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa kwangu, nikanyamaza. Nilimwahidi mara moja maji yakafurika mbele ya macho yake. Safari hii sikutaka kumwita aje aone. Shangazi mdogo akapiga simu kwamba chumba kimepakwa rangi. Majirani wakaanza kuulizia vyungu vyake vya miche. Nikamwona ameanza kukunja nguo. Kila asubuhi anapita na ndoo kutoka mlimani, ananisalimia, anakwenda. Nikajua nimeshinda shimo na bado nitampoteza mtu.

Mpaka jana.

Jana Jumamosi, saa nne asubuhi, magari yako kwenye foleni. Nainua kichwa, namwona Shangazi amesimama kati ya pikapu na teksi, ameshika toroli lake. Toroli lina tope la miaka, samadi imegandia mpaka kwenye mpini. Kaka, miaka yote hii Shangazi hajawahi kukanyaga kiwanja hiki, hupitia nje tu. Nikakimbia kumpokea, nimpitishe mbele. Akakataa katakata. Akasema yeye ni mteja, na hao wamemtangulia. Akangoja zamu yake kwa muda wa magari matatu, wima, kwenye magoti yale.

Zamu ikafika. Brashi nikaichagua mara mbili, mimi niliyeosha mpaka gari la bwana harusi. Nikalipiga brashi kavu, nikazoa tope, nikaliosha kwa ndoo yangu ya kifuniko kimoja. Yeye hakulitazama toroli hata mara moja. Alikuwa anatazama maji. Yalipoanza kushuka kwenye kokoto akayafuata, hatua kwa hatua, amefunga mikono nyuma kama mkaguzi. Akasimama kwenye chumba cha kwanza, akainama. Akasimama kwenye chumba cha pili. Akafika kwenye majani, akachuchumaa, kuchuchumaa kwenyewe unajua kunamgharimu nini, akatia vidole vyake mchangani akavichimbia mpaka kwenye kifundo cha mkono. Foleni yote ilisogea kutazama. Hata dereva wa teksi alizima redio.

"Yanaishia hapa?" akaniuliza.

"Yanaishia hapa, Shangazi."

Akakung'uta mchanga mkononi, akanishika bega ili ainuke. Akalitazama toroli lake kwa mara ya kwanza, likiwa linang'aa, akasema:

"Basi kesho naotesha. Matuta ya chini."

Ndiyo jibu la swali lako, kaka. Hasafiri. Shangazi mdogo utamwambia wewe habari ya chumba, maana mimi nimeshaomba radhi za kutosha mwaka huu.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie ile blauzi aliyonitumia naivaa siku ambazo siendi kazini, na siku hizo ni mbili kwa mwezi. Wabusu watoto, huyo wa meno mbusu mara mbili. Shemeji yako anakusalimu kutoka kitandani. Wapwa zako wanakusalimu na wanataka mpira. Fundi Spana anasema kama unakumbuka, uliondoka na jeki yake. Mwenyezi Mungu akupe afya na kipato cha halali, na akukumbushe njia ya nyumbani.

Nilikuwa na mengine, lakini naishia hapa. Shangazi amekwisha lainisha matuta na ananiita kutoka kule chini kwenye mawe yake. Ameniletea ndoo. Amesema ya kwanza nichote mimi, kijitoni.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kukoma,
Dada Povu, ingawa povu sina tena.